Mwaka Aliorudi Saada

Bwana Athmani bin Seif amekufa juma lililopita, na kwa kuwa niliwahi kuwa mkewe, niliona ni adabu kwenda kukaa matanga. Nilikaa chumba cha wanawake, mkekani, kati ya watu ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa wakati mimi ndiye niliyeshika funguo za nyumba ile. Kahawa ikapita, tende zikapita, Kurani ikasomwa, na baada ya hapo midomo ikafunguka kama inavyofunguka matangani. Mjukuu mmoja wa marehemu, binti mwenye macho mazuri na akili bado mbichi, akaanza kusimulia jinsi babu yake alivyompenda mwanamke mmoja tangu ujanani, wakatenganishwa na wazee wasio na huruma, wakaonana tena utu uzimani, na jinsi babu alivyokaa bila mke mpaka kufa kwa ajili ya penzi lile. "Mapenzi kama yale siku hizi hayapo," akasema. Wanawake wakashusha pumzi, mmoja akajifuta chozi kwa pembe ya leso. Mimi nilimaliza kahawa yangu, nikaaga, nikaondoka. Kumwambia mtoto wa watu, katika matanga ya babu yake, kwamba babu yake alikuwa mtu bure, si ungwana. Lakini kuandika nyumbani kwangu, kwa kalamu yangu, hakuna wa kunikataza. Nilikuwemo ndani ya nyumba ile mwaka ule. Mengi niliyasikia kwa masikio yangu, na mengine niliyaona nimesimama nyuma ya pazia, ambako ndiko walikotaka tusimame.

Jinsi nilivyoozwa haina maana hapa. Ami yangu wa Mambrui alinioza, nami nilikuwa na miaka kumi na saba. Bwana Athmani alikuwa amepita arubaini na tano. Mkewe wa kwanza alikuwa amefariki na watoto wake walikuwa wakubwa, wamehamia Mombasa. Niliingia katika nyumba ya mawe yenye ghorofa moja, ukuta wake ukitoa chumvi kila mvua ikinyesha, na zidaka za ukutani sebuleni zimepangwa sahani za zamani za baba yake, nyingi zimepasuka na kugeuzwa upande mzima uonekane. Nyumba yote ilikuwa hivyo, imegeuzwa upande mzima. Serikali ilikuwa imetangaza miaka michache nyuma kwamba utumwa umekwisha, na mashamba ya Ganda, ambayo baba yake aliyalimisha kwa watu aliowaita watu wake, yalikuwa yameota nyasi, isipokuwa vipande vilivyokodishwa kwa Wagiriama. Kila alasiri Bwana Athmani alikaa barazani na wenzake, kanzu safi, mikono laini kama ya mtoto, wakizungumza juu ya uhuru wa watu wengine kama watu wanavyozungumza juu ya nzige. Sikuwahi kumsikia hata mmoja wao akitaja jembe.

Aliyebaki katika ua ule ni Bi Tatu tu, mpishi, mwanamke mzee ambaye uhuru ulimkuta hana pa kwenda nao. Kila asubuhi alipanda na kahawa, akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, bwana," naye bwana akajibu, "Marahaba," bila kumtazama. Siku hizi kila mtoto anamwamkia hivyo kila mtu mzima, na ni vizuri. Lakini wakati ule neno lile lilikuwa na mwenyewe. Mtumwa ndiye aliyemwambia mwenye kummiliki, na kila mtu alijua linatoka wapi na linakwenda wapi. Bwana Athmani alilipokea kama alivyokipokea kikombe. Alikula peke yake juu, wali wa nazi na changu wa kukaanga, akitoa miiba mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani, nami nimesimama na birika la maji. Kama kulikuwa na kasoro alisema, "Chumvi," basi. Sikujua kama imezidi au imepungua. Nilishuka nikamwambia Bi Tatu, "Amesema chumvi," naye akasema, "Haya," akaendelea kukuna nazi.

Mtu mwenyewe hakuwa mkali, nalisema hilo kwa haki. Hakunipiga, hakunitukana. Alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa wa mtu ambaye hajawahi kulazimika kuchagua jambo. Nikiwa na miaka kumi na saba sikuwa na jina la kitu kile. Nilijua tu kwamba nikimtazama akinawa mikono, taratibu, kidole baada ya kidole, nilitaka kulidondosha lile birika.

Asubuhi moja, mwanzo wa mvua za mwaka, nilikuwa jikoni na Bi Tatu tukichambua mchele. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Saada amerudi. Nimemwona sokoni. Anauza mikate ya mofa." Nikauliza Saada ni nani. Kabla hajajibu tukasikia hatua kwenye ngazi, na Bwana Athmani akatokea mlangoni mwa jiko, mahali ambapo sikuwahi kumwona. Alikuwa ameshika nguzo. "Saada yupi?" akauliza. Bi Tatu akainamisha kichwa. "Saada wa Tausi, bwana. Yule aliyepelekwa Takaungu." Bwana Athmani akasimama pale mpaka nikadhani ameshikwa na ugonjwa, kisha akapanda tena juu, na mchana ule sahani yake ikarudi na samaki mzima.

Tangu siku ile nyumba ikawa na mambo. Alianza na ndevu. Alizipaka hina, kisha akazipaka nili juu yake ziwe nyeusi, zikatoka rangi ya biringani, na sikio lake la kushoto likabaki na doa zaidi ya wiki. Akashona kanzu mpya. Akaagiza mafuta ya waridi. Kila asubuhi akawa anatoka kwenda kutembea, yeye ambaye alikuwa akipumzika akitoka chumbani kwenda barazani, na kila siku matembezi yake yalipita nyuma ya soko, mtaa wa maduka ya Wahindi, ambako Saada alikuwa amepanga chumba. Alirudi ametota jasho na macho yamelegea. Nimeishi miaka mingi tangu pale, nimewaona wanaume wengine wa umri ule wakishikwa na maradhi yale, na sijaona hata mmoja aliyependeza. Lakini wengine angalau huona haya.

Yeye hakuona haya, bali alinieleza mimi. Mchana mmoja mvua inanyesha, amelala kitandani, nami nimekaa miguuni pake namkanda nyayo, akasema, "Wewe mtoto, Zuhura, hutaelewa," kisha akanieleza kwa urefu hicho ambacho singekielewa. Saada alikuwa binti wa Tausi, mpishi wa baba yake, amezaliwa katika ua wetu ule ule. Walipokuwa vijana wakikutana shambani Ganda, karibu na kisima, wakati wa kuvuna ufuta. Alikuwa akimpelekea asumini, naye Saada akizifunga katika upindo wa leso yake. Baba alipojua, akamtoa Saada zawadi kwa jamaa yake wa Takaungu.

"Nikaugua," akasema. "Chakula hakipiti. Mama alidhani nakufa."

"Na yeye?"

"Yeye alikwenda Takaungu."

"Na yeye aliugua?"

Akanitazama kana kwamba nimemwuliza bei ya chumvi nchi za mbali. "Nitajuaje?"

Nikamkanda kidogo, kisha nikauliza, "Mzee wako alifariki muda gani baada ya hapo?"

"Haukupita muda mrefu. Mwaka uliofuata."

"Na mali yote ikawa yako."

"Ikawa yangu."

"Basi mbona hukumfuata?"

Mvua ilikuwa ikipiga dari, na maji yakidondoka katika bakuli tuliloliweka pembeni. "Mambo yalikuwa mengi, Zuhura," akasema, akageukia ukutani, mabega yakaanza kutikisika. Analia. Mimi niliendelea kukanda nyayo kwa kuwa hakuniambia niache. Najua watu husema majuto yanamtakasa mtu. Ya Bwana Athmani yalikuwa kama ile kahawa yake ya asubuhi, alitaka aletewe kitandani na mtu apige magoti wakati anaipokea.

Baada ya siku chache akanituma kwake. Hakumtuma mtumishi, alinituma mimi mkewe, na sinia la pilau, na juu yake doti ya kanga mpya, akasema itaonekana heshima zaidi. Nilikwenda na Bi Tatu. Tuliingia ua ulio nyuma ya duka la Mhindi mmoja aliyeuza misumari na kamba, tukakuta mofa mbili za udongo zinafuka, na magunia ya mtama chini ya kibanda cha makuti. Saada alikuwa ameinamia mofa, mkono umeingia ndani hadi kwenye kiwiko, anabandika mkate ukutani mwa tanuri. Nilikuwa nimeomba njia nzima awe mbaya. Alikuwa mrefu, ameanza mvi kwenye paji, mikono yake ina alama za moto tangu vidole hadi juu, na alikuwa mzuri. Aliponyoosha mgongo akanitazama, sikujua niseme nini, nikasema lile lililonijia mdomoni.

"Shikamoo."

Bi Tatu nyuma yangu alikohoa. Saada akaufuta mkono wake polepole. "Nani amekufundisha kuniambia hivyo?"

"Hakuna. Wewe ni mkubwa wangu."

Akatazama chini, kisha akacheka kidogo, bila sauti. "Basi marahaba, mwanangu. Sijawahi kuijibu mimi. Siku zote nilikuwa upande ule mwingine."

Akatukaribisha chumbani. Kulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku moja, na mkeka ambao ulikuwa safi kuliko mikeka yetu yote. Alitupa mkate wa moto na asali. Akasimulia bila kuulizwa: yule bwana wa Takaungu alikuwa amemwacha huru kabla ya kufa, akaolewa na mchoma chokaa, akazaa mtoto mmoja ambaye hakuishi, na sasa mumewe naye ametangulia. Nikamwambia, "Bwana anakusalimu sana." Aliligusa lile pindo la kanga. "Bado anapanga miiba ukingoni mwa sahani?" akauliza. Nikasema bado. Akatabasamu, na tabasamu lile lilinitia hofu, kwa kuwa halikuwa la mtu aliyesahau.

Alijaza sinia letu mikate, kwani chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, akanipa na ujumbe. "Mwambie nataka kuzungumza naye habari ya mama yangu." Nilimfikishia neno kwa neno. Bwana Athmani akasikia, "Nataka kuzungumza naye," na yaliyobaki yakampita.

Saada alikuja baada ya sala ya alasiri, kupitia mlango wa mbele. Bi Tatu, aliyemfungulia, aliniambia baadaye kwamba alisimama kidogo kizingitini kama mtu anayepima kina cha maji. Alikuwa amejitanda ile kanga aliyopelekewa, na alipopita nilipokuwa nimejibanza nikasikia harufu ya udi. Nilimdharau na yeye, nakiri. Niliona: wote wawili wamoja. Bwana Athmani alikuwa amekaa kitini, mdomo wake tayari umekaa vizuri kwa kujibu marahaba. Saada akasema, "Masalkheri, Bwana Athmani." Mdomo ule ukabaki wazi, haujui uende wapi.

Walikaa muda mrefu. Bwana Athmani ndiye aliyesema zaidi, habari za kisima, za asumini, za mwezi. Sauti yake ilikuwa tamu, na ajabu ni kwamba nilimsikia Saada akivuta pumzi mara moja au mbili kama mtu aliyeguswa mahali panapouma. Kisha akamkatiza.

"Siku niliyochukuliwa ulikuwa dirishani juu. Nilikuita."

"Nilikuwa mgonjwa, Saada."

"Uliugua baadaye. Wakati ule ulikuwa umesimama, umevaa kofia. Nilikuita kwa jina, mbele ya baba yako, na nilijua nitapigwa kwa kulitaja bila ubwana. Ukavuta dirisha."

Nilimwona Bwana Athmani kupitia upenyo wa pazia akizungusha pete kidoleni. "Baba alikuwa mtu mkali," akasema.

"Najua alivyokuwa. Mama yangu alibaki mikononi mwake. Alikufa nikiwa kule, wala sikuletewa habari mpaka tanga lilipokwisha. Nimeambiwa alizikwa Ganda, shambani. Ndiyo maana nimerudi, Bwana Athmani. Nataka kile kipande alicholala kiwe changu, nikijengee mawe, kisije kikalimwa. Si kikubwa. Upana wa chumba tu."

Mtu mwenye kiwango chochote cha haya angesema chukua. Bwana Athmani aliinama mbele, macho yanameremeta, akasema, "Ukiwa mke wangu, Ganda yote itakuwa yako." Saada akasema, "Una mke," akasimama, akaenda zake.

Nilipokuwa msichana sikuelewa kwa nini hakukataa palepale. Nimeelewa baadaye. Alikuwa amempenda kweli, akiwa na miaka kumi na mitano, na upendo ule haukuwahi kupata nafasi ya kuchakaa kama unavyochakaa katika ndoa. Ulikuwa umewekwa Takaungu miaka yote ile kama nguo sandukuni, na alipoufungua ulikuwa bado una rangi. Alitaka kaburi la mamake, lakini alimtaka na yule kijana wa kisimani, na aliketi akimtafuta ndani ya yule mzee wa ndevu za biringani, akitumaini yumo. Huo ndio upumbavu pekee wa Saada ninaoujua, na ulimdumu miezi michache.

Bwana Athmani alilisikia lile "una mke" kama maagizo. Siku ya tatu akaniita sebuleni, na ndugu wawili wa barazani wamekaa wawe mashahidi, akanipa talaka moja. Alilia wakati wa kuitamka. "Usinichukie, Zuhura," akasema. "Moyo wangu haukuwa wangu." Nikamwuliza kama amemaliza. Akasema amemaliza. Nikaomba ruhusa kwenda jikoni, nikamkuta Bi Tatu anatwanga bizari, nikachukua mchi kutoka mkononi mwake nikatwanga mimi, kwa nguvu ambazo sikujua ninazo, na sikuwa na huzuni hata chembe. Kitu kimoja tu kilinitisha. Eda ikiisha nitarudi Mambrui kwa ami yangu, naye atanitafutia mwingine.

Nikakaa eda mle mle ndani, kama sheria inavyotaka, katika chumba cha chini kinachotazama ua. Huko juu mambo yakaendelea. Saada alimpelekea jibu kwamba hatasema lolote juu ya ndoa mpaka kile kipande cha Ganda kiwe chake mbele ya kadhi. Bwana Athmani akazungushazungusha. Mara kadhi hayupo, mara mpaka haujulikani, mara ana homa. Kwa wiki nyingi nilimsikia kupitia dari akitembea huku na huku, akijisomea mashairi ya mapenzi kwa sauti. Mwishowe, alipoona kwamba Saada anauza mikate yake na hana haraka, alikwenda kwa kadhi, akakubali mbele ya mashahidi kwamba kipande kile ni mali ya Saada binti Tausi. Akarudi anang'aa, akatangaza kwamba sote tutakwenda Ganda siku ya pili kukiweka mipaka. Alisema hata mimi niende, ingawa nilikuwa katika eda, kwa sababu Bi Tatu hawezi kubeba chakula peke yake.

Tulitoka asubuhi. Yeye alipanda punda. Saada, Bi Tatu na mimi tulikwenda kwa miguu, na vikapu kichwani. Njia yote alizungumza kutoka juu ya punda, akionyesha kwa bakora hapa palikuwa na mikorosho, pale palikuwa na ghala, na Saada akiitika. Alikuwa amevaa tena ile kanga. Alikuwa amejipaka wanja. Nilitembea nyuma yake nikisema moyoni, ataolewa huyu, kwa macho yake yaliyo wazi ataolewa, na Bi Tatu atampandishia kahawa kwa magoti.

Shambani tulimkuta Mgiriama mmoja mtu mzima, jina lake Kazungu, aliyekodi sehemu ile kwa mihogo. Saada akamwuliza kwa adabu kama anajua mahali palipozikwa watu zamani. Kazungu akaweka jembe chini. "Hapa karibu na kisima iko mmoja," akasema. "Mimi nilipokuja nikaona tuta, nikajua kuna mutu. Sijalima hapo. Hata watoto nimewakataza." Akatupeleka. Mihogo ilikuwa imepandwa pande zote, na katikati pameachwa pahali pa nyasi fupi, tuta dogo limelala kuelekea kibla. Saada akatua kikapu chake. Akasimama mikono imekunjwa, hakulia, alitazama tu, kama mtu anayesoma uso.

Bwana Athmani alikuwa ameshuka kwenye punda, anatafutatafuta kwa macho. Alipokiona kisima uso wake ukachanua. Akaja kwa haraka, kanzu ameinua kwa mkono mmoja, akasimama mbele ya Saada. "Hapa," akasema. "Saada, ni hapa hasa. Ulikuwa umekaa pale penye jiwe, mimi nikatokea nyuma yako, nikakufumba macho."

"Bwana Athmani," akasema Saada, "umemkanyaga mama."

Akatazama miguu yake. Viatu vyote viwili vilikuwa juu ya tuta. Akasema, "La haula," akaruka pembeni, akacheka kile kicheko cha mtu aliyemwaga kikombe ugenini, akakung'uta pindo la kanzu. Kisha akasema, "Nikakufumba macho, nawe ukataja jina langu bila kugeuka."

Alimaliza sentensi yake. Nimeona vifo, nimeona njaa, nimeona watu wakitendeana mabaya makubwa kuliko hilo, na bado katika maisha yangu sijamwona mtu akifa mbele ya macho ya mwenzake kama Bwana Athmani alivyokufa pale, anaongea, amesimama kwenye jua. Saada alimtazama. Kitu usoni mwake kikajifunga taratibu. Hakusema neno la ukali. Akamgeukia Kazungu akamwuliza wapi pana mawe.

Tulibeba mawe mpaka adhuhuri, Saada, mimi, Kazungu na mkewe. Bi Tatu aliyapanga. Bwana Athmani alikaa kivulini, akatuuliza mara moja kama chakula kiko tayari. Tulipokuwa tunakusanya vyombo kurudi akamwendea Saada, akamwuliza, mbele yetu sote, "Sasa nimefanya ulilotaka. Nipe jibu langu."

"Sitaki," akasema Saada.

"Hutaki nini?"

"Sitaki kuolewa na wewe. Nilipokuwa Takaungu, mwaka wa kwanza, kila aliyepita njiani nilitoka kumtazama. Ungekuja hata bila ndoa ningekufuata. Mwaka wa pili pia. Sasa sitaki, na sina hasira na wewe."

Nadhani lile la mwisho ndilo lililomwumiza, maana hasira angeweza kuisimulia barazani. Alirudi mjini juu ya punda wake kimya, sisi nyuma.

Mtu angefikiri angekwenda kujifungia na huzuni yake, kwa kuwa ndicho kitu alichokipenda kuliko vyote. Lakini siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, alisimama mlangoni mwa chumba changu cha chini. Ndevu zilikuwa zimeanza kuonyesha mvi kwenye shina. Akasema kwa sauti ya upole, sauti ya mtu anayemrudishia mtoto kitu chake, "Zuhura, nimekurejea. Panda juu."

Alikuwa na haki hiyo. Talaka ilikuwa moja, na maadamu eda haijakwisha, mume akisema nimekurejea mke amerejea, hakuna wa kumwuliza mke. Nilikuwa nashona. Nikaona chumba cha juu, birika la maji, miiba ikipangwa, miaka mingi mbele yangu inayofanana kama mbegu za mtama. Nikaiweka sindano chini.

"Umechelewa, bwana. Eda yangu imekwisha."

"Imekwisha lini?"

"Jana."

"Haiwezekani. Nimehesabu."

"Umehesabu nini?" nikamwuliza. "Wakati wote huo ulikuwa unahesabu siku za mwenzangu."

Tukaenda kwa kadhi, yeye na ndugu zake wawili wa barazani, mimi na Bi Tatu. Bwana Athmani akaeleza, akasitasita, akataja mwezi wa talaka, akakosea, ndugu yake akamsahihisha, naye kadhi, mtu mzima aliyechoka, akainua mkono. Akasema katika jambo hili neno ni la mwanamke, maana mwili ni wake na hakuna shahidi mwingine. Akaniuliza, "Binti, unasemaje, ukijua Mungu anakusikia?" Nikasema imekwisha. Akasema, "Basi imekwisha. Huyu ni mtu wa kando kwako, Bwana Athmani." Kama ilikuwa kweli, au zilibaki siku, hayo ni baina yangu na Mungu, na tangu siku ile baina yetu sisi wawili hapajakuwa na ugomvi.

Bwana Athmani hakuoa tena, kweli. Hakuna aliyekataa kuozwa naye, ila yeye alikuwa amekwisha kupata kisa cha kusimulia, na kisa kile kilimtosha kuliko mke. Miaka na miaka alikisimulia barazani, kwanza kwa marafiki, kisha kwa wanawe, mwishowe kwa wajukuu, na katika kisa chake hapakuwa na tuta, hapakuwa na dirisha, wala sikuwamo mimi. Ndicho nilichokisikia matangani.

Kutoka kwa kadhi sikurudi kwenye ile nyumba hata kuchukua nguo. Bi Tatu aliniletea baadaye, na alipoleta akakaa, naye hakurudi. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya soko. Saada alikuwa anafagia majivu. Nikamwambia nimeachika kabisa na sitaki kwenda Mambrui. Habari za kadhi zilikuwa zimekwisha kumfikia, mji ule ni mdogo, na alikuwa amekaa miezi ile yote akiijua tarehe ya talaka yangu kuliko mwenyewe mume. Alinitazama usoni kwa muda. Hakuniuliza siku ile, wala siku nyingine yoyote katika miaka tuliyoishi pamoja, kama nilikuwa nimesema kweli. Aliniuliza kama najua kupepeta mtama. Nikasema sijui. Akanipa ungo.